Kofia ya Samurai ya Mwenyekiti Egidius

Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye duka na diploma, akitoka machinjioni na mkia wa ng'ombe kwenye mfuko wa rambo ili akatengenezee sharubu za kofia.

Mtu huyo aliitwa Egidius, na alikuwa mchumba wa rafiki yangu Bernadina.

Kabla hujacheka, subiri kidogo. Mimi nilicheka mapema, kilichofuata kikanikata kicheko.

Ilikuwa hapa hapa Babati, mwaka 2016. Egidius alikuwa na duka la steshenari jirani na stendi. Fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa barua za maombi ya kazi, vitu hivyo. Juu ya hapo alikuwa mwenyekiti wa vijana wa parokia yetu. Na juu ya hapo tena, alikuwa anajiona.

Sijui nikuelezeje kujiona kwa namna ile.

Ukimsalimia, anaanza kukutazama viatu. Ukiongea, anasahihisha Kiswahili chako mbele za watu na wewe sentensi hujaimaliza. Waendesha bodaboda aliwaita "hao wa barabarani". Sisi wa kwaya tulikuwa "banda la kuku". Wakulima wakija kuchapa barua, aliwaambia wasiegemee kaunta yake.

Kujimwambafai kote huko, na bado tulimvumilia.

Kwa nini? Kwa sababu jamaa alikuwa anaweza. Akishika kitu kwa mikono yake, kinatoka. Hilo ndilo lilikuwa linatuuma zaidi. Mtu mwenye nyodo na hajui kitu unamcheka, mambo yanaisha. Mwenye nyodo na anaweza, utamfanyaje?

Bernadina ni fundi cherehani, anashonea Bagara. Kwao ni Bonga. Wazazi wake walishuka kutoka Mbulu zamani, wakapata shamba, baba akafariki, mama akabaki analima. Binti mpole, lakini si yule mpole wa kuburuzwa. Alimpenda Egidius kweli. Nilikuwa namuuliza amemwona wapi huyo mtu, ananijibu kwamba mimi namjua Egidius wa mbele za watu tu.

Basi mwaka ule Paroko akatuambia vijana tuandae igizo kwa ajili ya sikukuu ya parokia. Habari yenyewe ni wafiadini wa Japani. Padri kijana wa Kijapani anakamatwa, anasulubiwa na kuchomwa mkuki na askari wa mtawala, halafu waumini wake wanabaki kusali kwa kujificha, kizazi hadi kizazi.

Egidius ndiye aliyeandika igizo. Tulipogawana nafasi, wote kwa sauti moja tukasema mtakatifu, yaani yule padri, awe yeye. Alifurahi, ingawa alijifanya anakubali kwa shingo upande.

Askari muuaji akawa Paskasi, kijana wa bodaboda wa pale Bagara. Mrefu, mwembamba, umbo moja na Egidius. Bernadina akapewa kuwa mama wa mtakatifu. Mimi nikapewa mavazi.

Nguo za Kijapani tulizishona kwa mapazia ya zamani. Deraya la askari, lile vazi la kukinga kifua, nikalitengeneza kwa mikeka. Tatizo likawa kofia.

Nilijitahidi. Nilichukua boksi la biskuti, nikalikata, nikaligundisha, nikalipaka dawa ya viatu nyeusi, nikaweka na pembe mbili. Jioni nikalipeleka mazoezini. Wenzangu wakasema si mbaya.

Egidius akalishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Sijaelewa," akaniuliza, "hii ni kofia au ni kiota?"

Akaliweka chini sakafuni. Akalikanyaga.

Akasema watu watakuja kuona Japani, hawatakuja kuona boksi la biskuti. Akasema kama parokia nzima haina mtu wa kutengeneza kofia, atatengeneza yeye, kama kawaida.

Bernadina aliinama akaokota vile vipande, akanipa. Macho yake hayakunitazama.

Njiani nikamuuliza kama huyo ndiye anayekwenda kuolewa naye. Akasema ana moyo mzuri, ila mdomo umemtangulia. Nikamwambia mdomo ukitangulia sana, moyo hauufikii.

Kesho yake Egidius akaenda kwa Abdulsalam, yule wa duka la spea, kutafuta kofia ngumu ya pikipiki. Abdulsalam, mtu wa watu, akampongeza akidhani amenunua pikipiki. Egidius akamjibu kwamba yeye hajaanguka kufika huko bado. Akazikataa kofia zote za kisasa zenye kioo na midomo mirefu, akachagua ile ya bei ya chini kabisa, nyeusi, ya duara, iliyokaa kama bakuli.

Na ni kweli, ile kofia ni bakuli tu. Sasa sikia alivyolifanya hilo bakuli.

Haya nayasema kama Bernadina alivyonisimulia, maana yeye ndiye aliyekuwa anakwenda uani mwa duka la Egidius akishafunga cherehani yake.

Aliikuta kofia imeshavuliwa mkanda. Egidius ameweka picha ya kofia ya samurai, askari wa kale wa Kijapani, kwenye simu, amesimamisha simu juu ya tofali. Kutoka utosini hadi ukingoni alibandika vipande vyembamba vya waya, vikapanda na kushuka kama mbavu, akavipaka gundi na rangi nyeusi. Ile plastiki ikaanza kuonekana chuma.

Halafu akachukua dumu la mafuta ya kula, lile kubwa la njano, akalikatakata vipande virefu. Anakipasha kipande juu ya jiko la mkaa hadi kilainike, anakipindisha kwenye goti lake juu ya gunia, anakitoboa kwa msumari wa moto. Akishakipaka rangi, anakifunga na mwenzake kwa kamba nyekundu. Safu chini ya safu, kila moja imelalia nyingine kama mabati ya paa, kuanzia nyuma ya masikio hadi mabegani. Ukigeuza shingo, zinasogea. Hazikwami.

Pembe alizikata kwenye mfuniko wa sufuria, akazisugua na msasa, akazipaka dhahabu.

Kilichobaki ni uso. Samurai kamili ana kinyago kuanzia chini ya macho hadi kidevuni, mdomo wazi, meno nje, kama mtu aliyekasirika tangu azaliwe. Hicho alikichonga kwenye dumu lingine. Na hapo ndipo ule mkia wa ng'ombe ulipopata kazi. Alichambua nywele, akaziosha kwa sabuni, akazipandikiza juu ya mdomo.

Bernadina alimshikia safu wakati anafunga kamba. Alimshonea na bitana ya ndani, ngozi ya bandia na sponji, ili kofia isiyumbe kichwani.

Aliniambia kwamba uani kule Egidius alikuwa mtu mwingine. Hakumsahihisha neno. Alisema asante. Siku moja aliunguza safu nzima kwenye jiko, ikajikunja kama jani, akakaa chini akajicheka mwenyewe hadi machozi. Bernadina hakuwahi kumwona akijicheka. Alirudi nyumbani siku hiyo anaamini kwamba mume anaye.

Ilipoletwa mazoezini, nisikudanganye, tuliizunguka wote. Ilikuwa kitu cha kutisha na kizuri kwa pamoja. Paskasi akaivaa, akavaa na kinyago na deraya, akazungumza. Sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Mwenyekiti," akasema, "hii kitu ni noma."

Mwenyekiti angesema asante, yaishe. Lakini hapana.

Egidius akamwambia asiisifie, kwa sababu hana kipimo cha kujua kitu kizuri. Kazi yake ni kuivaa. Na akaoge kwanza kabla ya kuivaa, asije akaacha jasho la stendi kwenye bitana.

Paskasi akaivua taratibu, akaiweka mezani. Bitana ile alikuwa ameishona Bernadina. Nilimtazama. Alikuwa anajishika kile kidole chenye pete, anaizungusha.

Siku chache kabla ya sikukuu, wawili hao walikwenda Bonga kumsalimia mama. Bernadina aliporudi, hakunisimulia chochote, na mimi sikumchokonoa.

Sikukuu ikafika. Misa ikaisha, watu wakala, ukumbi wa parokia ukajaa hadi madirishani. Wazee wa Mutuka, wazee wa Bonga, hata majirani Waislamu walikuja, maana habari za ile kofia zilikuwa zimeshazagaa mjini.

Nyuma ya ukumbi kuna chumba kidogo tulichokifanya cha kubadilishia nguo. Tumebakiza muda kidogo tu tuanze. Bernadina akaingia, ameshavaa vazi lake la mama wa mtakatifu. Akamkuta Paskasi amekaa kwenye benchi, amevaa kila kitu: deraya, kofia, kinyago. Anahangaika na kamba ya shingoni kwa nyuma, haifikii.

Bernadina akamwambia aache, atamfungia. Akasimama nyuma yake, akaanza kufunga.

Sasa mtu ukiwa unamfunga mtu kamba kisogoni, humtazami usoni, na mwenyewe amefunikwa uso, maneno yanatoka. Bernadina alikuwa ameyabeba siku kadhaa.

Akamwomba msamaha kwa yale maneno ya jasho la stendi.

"Usiyaweke moyoni, Paskasi," akasema. "Si wewe peke yako. Juzi nilimpeleka kwa mama. Mama ameazima kiti cha jirani, kile kizuri, ili mkwe akae. Yeye akatoa leso mfukoni, akakifuta kile kiti mbele ya mama. Amemaliza, ile leso akaitupa. Hakuirudisha mfukoni. Akaitupa uani, kuku wakaikimbilia."

Mtu wa kwenye kofia alitulia.

Ndipo nikaingia mimi, nimebeba mkuki wa mbao. Nilisikia mwisho wa maneno hayo, na mimi mdomo wangu ukiwashwa haunyamazi. Nikamwambia Paskasi avumilie tu, leo ndiyo mwisho. Nikacheka, nikasema:

"Unadhani kwa nini tulimpa utakatifu kwa sauti moja? Mtakatifu anakufa onyesho la kwanza. Maonyesho mengine yote tunayafanya kwa amani."

Nilitegemea Paskasi acheke, maana hilo wazo lilikuwa lake. Akatikisa kichwa kidogo tu. Zile safu za shingoni zikagongana. Nikadhani ni kinyago kinambana.

Bernadina hakucheka. Akakaza fundo, akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe:

"Mimi nimeshaamua. Igizo likiisha namrudishia pete. Nampenda, lakini siwezi kuzaa watoto wakafundishwa kumfutia mama yangu kiti."

Hapo hapo tukasikia pikipiki nje. Ikazimwa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Paskasi.

Paskasi mwenyewe. Amevaa kizibao chake cha bodaboda, tope hadi magotini. Akaanza kuomba radhi, alikuwa amempeleka mama mjamzito hospitali na barabara ilikuwa mbaya. Akauliza Mwenyekiti yuko wapi, amekasirika sana?



Vidole vya Bernadina vilikuwa bado vimeshika kamba. Mkuki ukanidondoka.

Mtu wa kwenye benchi akainua mikono, akafungua kinyago. Egidius. Kumbe alikuwa ameona Paskasi kachelewa, akavaa mwenyewe ili apime kama zile safu hazikwami kwenye deraya.

Nilisubiri kimbunga. Nilijiandaa kufukuzwa igizoni, kwayani, hata parokiani.

Akavua kofia. Nywele zimelowa jasho. Akampa Paskasi kwa mikono miwili.

"Vaa," akasema. "Kamba ya kushoto usiilegeze. Pembe ya huko ni nzito, inavuta."

Akachukua kanzu yake nyeupe, akatoka.

Igizo likaanza. Paskasi alipotokea na ile kofia, ukumbi mzima ulirudi nyuma, halafu wakampigia makofi, yeye muuaji. Watoto walipanda juu ya mabenchi wamwone. Mtakatifu pale msalabani hakuna aliyekuwa na habari naye.

Sasa kwenye igizo, kabla askari hajamchoma mkuki, mtakatifu anatakiwa aseme, "Nawasamehe wote mlionikosea." Mstari huo Egidius aliuandika mwenyewe, na mazoezini alikuwa anausema kwa madoido, sauti ya chini, macho juu.

Siku hiyo alikaa kimya. Paskasi na mkuki wake anasubiri. Nikadhani amesahau, nikamnong'oneza kutoka nyuma ya pazia.

Akatutazama. Si watu wa ukumbini, sisi wa pembeni. Akasema:

"Nisameheni."

Neno hilo moja tu. Paskasi, masikini, hakujua la kufanya, akamchoma.

Ukumbi ukalipuka. Akina mama walilia. Paroko baadaye alisema lile badiliko lilikuwa na teolojia ya hali ya juu, mtakatifu kuwaomba msamaha waliomkosea.

Mimi sikulia. Nilisimama nyuma ya pazia nikasema moyoni: huyu naye, hata kuomba msamaha lazima apande jukwaani.

Nilimwambia hivyo hivyo Bernadina. Nilidhani atanigombeza. Akasema mimi nina ukali, lakini safari hii sijakosea. Egidius amewaomba msamaha watu mia tatu ambao hajawakosea. Mama yake Bernadina hakuwepo ukumbini, alibaki Bonga na shamba.

Jioni ile akamrudishia pete. Egidius hakubishana. Aliuliza kitu kimoja tu, kama anaweza kwenda kwa mama.

"Nenda," Bernadina akamwambia. "Lakini usiende kwa ajili yangu. Hii pete hairudi."

Tulijua hatakwenda. Mtu wa namna ile, bila pete, aende kutafuta nini?

Akaenda.

Bernadina alikuwa kwao siku hiyo, yuko jikoni, akasikia hodi. Mama yake alikuwa uani, amekaa kwenye gunia, anachambua mbaazi. Egidius akaamkia, akaitikiwa. Mama akataka kunyanyuka akatafute kiti, Egidius akamzuia. Akasimama pale pale akasema alichokuja kusema: kwamba siku ile alifuta kiti kwa dharau, aliona nyumba ni chafu, aliona hapafai yeye kukaa, na leso akaitupa kwa dharau hiyo hiyo. Anaomba msamaha.

Mama akaacha kuchambua.

Bernadina akasogea mlangoni.

"Ile leso?" mama akasema. "Mimi nilidhani unaogopa suruali yako itachafuka. Nikasema kijana msafi huyu. Niliwaambia majirani, mkwe wangu ni mtu msafi. Leso yenyewe niliiokota, nikaifua, nimekutunzia."

Egidius akainamia viatu vyake.

"Kumbe ulikuwa unanidharau," mama akasema. "Siku ile hukuniumiza, mwanangu. Leo ndiyo umeniumiza."

Bernadina anasema katika maisha yake hajaona mtu akisimama vile. Alitamani kutoka jikoni akamtetee, huyo huyo aliyemrudishia pete. Hakutoka. Alijua hapo hapana msaada wa mtu.

Egidius alijua kuandika, alijua kuchonga, alijua kutengeneza Japani nzima kutoka kwenye dumu la mafuta. Lakini hakujua akae wapi.

Mwishowe mama akavuta ungo, akausogeza upande wa pili.

"Basi kaa," akasema. "Hizi mbaazi hazijichambui."

Hapakuwa na kiti. Akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya mistari. Wakachambua hadi mbaazi zikaisha. Alipoondoka, mama akamwambia asante kwa mikono yake.

Bernadina hakurudi nyuma. Aliolewa baadaye Katesh, na fundi umeme, mtu wa kawaida kabisa, wana watoto.

Egidius bado yupo mjini na duka lake. Bado anasahihisha Kiswahili cha watu, tena simpendi, sitaki kukudanganya. Lakini kila mwaka msimu wa mbaazi anafunga duka siku moja, anakwenda Bonga kumchambulia mbaazi mama ambaye si mkwe wake. Hakuna jukwaa kule, wala mtu wa kumpigia makofi. Mimi mwenyewe nilijua kwa sababu Bernadina alikwenda kwao kusalimia, akamkuta.

Msomaji, nimebaki na mambo mawili kichwani, uyachukue au uyaache.

La kwanza, ukiwadharau watu usidhani wamelala. Wanakuchekea, wanakupa na nafasi ya mtakatifu, na sababu wanaijua wao.

La pili ni gumu zaidi. Dharau yako inaweza isimfikie kabisa uliyemdharau, siku ukienda kuomba msamaha ndiyo ukawa unamfikishia kwa mikono yako mwenyewe. Nenda hivyo hivyo. Ila usitegemee kurudi na pete.